Jina lako lisipande ndege bila wewe

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa mizigo kwenye ndege za usafirishaji za jeshi, zile zenye tumbo pana na mlango wa nyuma unaoshushwa hadi chini. Wanaopanda si askari peke yao. Nimebeba wauguzi, mafundi, waandishi wa habari. Wakishaketi kwenye viti vya wavu, migongo ukutani, huanza kuuliza: ikianguka je? Nami huwauliza kama majina yao yapo kwenye orodha.

Usiku mmoja ndege yetu ilipitiliza njia ya kurukia, mkia ukakatika, tukalala vichakani. Tulikuwa watu 11. Orodha iliyokuwa mikononi mwa waokoaji ilisema 12. Fundi mmoja alikuwa ameshuka dakika za mwisho kufuata vifaa vyake, akaambiwa asubiri ndege ya kesho. Aliyetakiwa kulikata jina lake ni mimi. Sikulikata.

Waokoaji walipotuhesabu na kukosa mmoja niliwaambia alishuka, lakini nilikuwa natokwa damu kichwani na nimeshajichanganya mara mbili kuhusu tarehe, kwa hiyo hakuna aliyeniamini. Halafu mmoja wao akaokota begi nyasini, limebandikwa utepe mweupe wenye jina la yule fundi kwa wino mzito. Ikawa basi. Walimtafuta saa mbili nzima, kwa tochi, kwenye majani yaliyolowa mafuta.

Kwa hiyo ukipanda, hakikisha umehesabiwa kwa uso, si kwa karatasi. Ukibadilisha ndege, ondoka na begi lako na usimame hapo hadi uone jina limekatwa. Utaonekana msumbufu. Vumilia.

Mengine ni ya mwilini. Vaa viatu vya kufunga na nguo ndefu za pamba. Zile za nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Tochi, dawa zako na koti viwe juu yako, kwa sababu begi lililofungwa pamoja na mizigo huenda usilione tena. Kabla taa hazijazimwa, gusa viti kimoja kimoja hadi mlangoni, uvihesabu kwa mkono. Usiku ule moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuuona mlango. Niliufikia kwa kuhesabu.

Ukishatoka, sogea upande upepo unakotokea, maana mabawa ya ndege hizi yako juu na mafuta yake hudondokea mwilini mwa ndege. Hatari ya moto ikipita, rudini karibu na mabaki. Ndege huonekana kutoka angani kuliko mtu. Tarehe 30 Oktoba 1991 ndege ya jeshi la Kanada aina ya Hercules ilianguka karibu na kituo cha Alert, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, ikiwa na watu 18. Dhoruba iliwachelewesha waokoaji kwa zaidi ya saa 30. Manusura wengi walijikinga ndani ya kipande cha mkia, na 13 waliokolewa wakiwa hai. Rubani wao alinusurika kwenye ajali yenyewe, baridi ikamuua kabla msaada haujafika.

Mkipata redio, semeni mnachokiona, msiseme mnachokidhani. Novemba 1946 ndege ya jeshi la Marekani ilitua kwa kishindo juu ya barafu ya Gauli, Uswisi. Wafanyakazi wake waliamini wako Ufaransa, na msako ukaanzia huko. Watu wote 12 walitolewa hai siku tano baadaye, kwa ndege ndogo zilizotua palepale kwenye barafu.

Helikopta ikija, fungeni au kalieni mablanketi yote. Upepo wake utayarusha, na blanketi likinaswa na mapanga ya juu mtakuwa na ajali ya pili. Msiikimbilie. Subirini mhudumu awaite, na msipite nyuma karibu na panga la mkiani. Aliyeumia mgongo msimwinue kwa huruma. Kama moto haumfikii, mfunikeni alipo, mmoja akae naye akimsemesha.

Yule fundi nilimpigia kesho yake kutoka kitandani hospitalini. Alikuwa amelala usiku kucha, hana habari ya lolote. Nilipomaliza kumsimulia alinyamaza kidogo, kisha akauliza begi lake liko wapi.