Kipande kipi cha mdomoni kwa saksofoni ya alto?

SWALI: Napuliza saksofoni ya alto katika bendi ya ala za upepo kwa kipande cha mdomoni cha jazi, chenye mwanya mpana kati ya ncha yake na mwanzi (kipande chembamba kinachotetema na kutoa sauti). Sauti yangu inawafunika wapiga klarineti, na nikipuliza kwa upole noti za chini hukwaruza. Ninunue kipi?

JIBU: Mwanya mpana hudai pumzi nyingi na midomo iliyokaza, ndiyo maana noti ya chini inayopaswa kuanza kwa upole hukuponyoka. Tafuta cha ebonaiti (mpira mgumu) chenye mwanya wa wastani: Selmer S80 C*, ambacho mwanya wake ni takriban milimita 1.70, au Vandoren Optimum AL3, na ukifungie mwanzi wa ugumu wa namba 3. (Cha chuma kina sauti ya mng’ao, lakini si kwa kazi hii.)

Kabla ya kulipa, kipulize peke yake, bila saksofoni, huku kipima noti, kifaa kinachoonyesha noti unayotoa, kikiwa mbele yako. Kwa alto, walimu wengi wa muziki wa klasiki hutaka noti ya A, herzi 880, na ikipanda juu zaidi huenda unabana midomo kupita kiasi, kosa ambalo hakuna kipande kipya kitakachokurekebishia. Kisha jaribu B bemoli ya chini kabisa, kwa sauti ndogo.