Barua kwa mwanangu kuhusu klabu ya mjukuu wangu

Pumwani, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Umeniuliza umpeleke wapi mjukuu wangu siku za Jumamosi kati ya klabu tatu ulizozichunguza: skauti wa pale shuleni kwake, mafunzo ya kuogelea karibu na kazini kwako, au ile klabu ya watoto viziwi upande wa Ngong Road ambako mambo yote huendeshwa kwa lugha ya ishara. Umesema pia kwamba nauli na nafasi yako vinatosha klabu moja tu, na kwamba baba yake anahofia mtoto akizoea ishara ataacha kuongea. Jibu langu ni kwamba umpeleke kwa viziwi wenzake. Nitakueleza sababu zangu, nanyi wawili mtazipima, kwa kuwa mtoto ni wenu.

Wazazi wengi wakichagua klabu hutazama kinachofanywa pale, kama ni mpira, kamba au maji. Kwa mtoto huyu nakuomba utazame kwanza yanayosemwa wakati hakuna kinachofanywa: watoto wanapopanga foleni ya maji ya kunywa, wanaposubiri zamu, wanapovaa viatu waende nyumbani. Hapo ndipo urafiki hufungwa, na hapo ndipo hakuna mtu mzima anayekumbuka kumgeukia. Kiongozi anaweza kuelekezwa azungumze akimtazama mtoto usoni. Watoto ishirini wanaopiga Sheng kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, hakuna atakayewaelekeza.

Itoe ile karatasi ya kipimo cha usikivu mliyopewa hospitalini uisome tena. Inaonyesha kwamba sikio lake lililo nafuu huanza kupata sauti zinapofika desibeli 55. Mtu akizungumza kwa kawaida, mita moja kutoka ulipo, sauti yake huwa karibu desibeli 60, na mahali pa wazi sauti hiyo hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Maana yake ni kwamba bila mashine za masikio humsikia kwa shida mtu aliye mbele yake, na mtu huyo akisogea hadi umbali wa mita mbili tu huwa ameshampotea. Mashine humrudishia sehemu kubwa ya sauti hizo, lakini hukuza pia kelele za viti vinavyoburutwa, za mvua juu ya mabati na za watoto wengine, na katika ukumbi wenye mwangwi maneno huvurugana yote. Anapokwambia kwamba anasikia ila haelewi, anakwambia kweli. Na kule kukaza macho na masikio kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, ni kazi inayochosha mwili, kwa hiyo usimhesabie uvivu anapolala saa kumi na moja jioni akiwa bado na sare. Klabu itakayomwongezea kazi hiyohiyo siku ya sita sidhani kama ni mapumziko.

Alipokaa kwangu likizo ya Agosti nilikwenda kumchukua madrasa, nikawakuta wanakariri Suratul-Fil kwa pamoja, nikasimama mlangoni nisiwakatize. Alikuwa amegeuza shingo kidogo akimtazama mtoto wa kulia kwake, na kila neno lilipotoka kwenye mdomo wa mwenzake, wa kwake ulifunguka nyuma kidogo tu, kiasi ambacho mtu aliyeketi mbele asingekitambua. Mwalimu alipomtaka asome peke yake, alisoma aya mbili, kisha akanyamaza huku akitafuta midomo ya wenzake, nao walikuwa wameshaifunga. Mwalimu yule ni mtu mwema na anampenda, lakini sauti ya wengi ilikuwa imemficha mtoto. Kwa hiyo utakapokwenda kuangalia klabu yoyote, usiridhike kwa kuwa anafanya wanachofanya wenzake. Tazama anakifanya wakati gani, pamoja nao au baada yao, na tazama kama anacheka kichekesho kinapotolewa au anapowaona wengine wakicheka.

Kuogelea nakuomba ukuweke kando kama klabu, ingawa nataka sana ajue kuogelea. Ataingia majini bila mashine, mwalimu atakuwa ukingoni na jua nyuma ya mgongo wake, na uso wenye kivuli hausomeki. Kuelea atajifunza, maana hilo hufundishwa kwa kuonyeshwa, lakini atatoka pale hamjui mtoto hata mmoja. Wakati wa likizo mtafutie mwalimu wa kumfundisha peke yake, mkubaliane ishara chache kabla hajashuka majini: simama, rudi, pumua, toka.

Skauti siwakatai. Kundi la wadogo, Sungura, hufanya mengi kwa mikono na macho, kama kufunga mafundo na kufuata alama za njia, na kuna faida ya kuwa na watoto anaoketi nao darasani. Kinachonitia wasiwasi ni firimbi na giza. Siku watakapopelekwa kambini, tuseme Rowallan kule Jamhuri, jua likishazama midomo haisomeki tena, na wakati wa kulala mashine huvuliwa, ukimwita kutoka nje ya hema hakusikii. Mambo haya yana dawa. Kiongozi anaweza kuinua skafu yake kila apigapo firimbi, kama waamuzi wa mpira wa viziwi wanavyoinua kibendera. Anaweza kuonyesha mchezo kabla ya kuueleza, kumpangia mtoto mwenza wa kudumu na kuhakikisha kuna kurunzi hemani. Muulize ana kwa ana mtoto asipoelewa yeye hufanyaje. Akikujibu kwamba atafuata tu wenzake, basi hajaelewa ulichomwuliza, na usimwachie mtoto mpaka aelewe. Muulize pia mtaalamu wa masikio kama mashine zake zinaweza kuunganishwa na kile kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu hukivaa shingoni, kinachopeleka maneno moja kwa moja masikioni. Ni cha bei, lakini kitamfaa darasani pia.

Skauti wa shule watakuwepo mwakani na mwaka utakaofuata. Lugha haisubiri hivyo, kwa kuwa mtoto wa miaka saba huinasa kwa kucheza tu, na akichelewa ataisomea kwa jasho kama tunavyosoma sisi watu wazima. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutanguliza Ngong Road.

Hofu ya mumeo naiheshimu, maana inatokana na mapenzi, lakini mwambie kwamba utafiti haujathibitisha kuwa ishara humzuia mtoto kuongea. Mtoto huyuhuyu anaongea Kiswahili na mimi, Kiingereza na mwalimu wake, Kikamba na nyanya yake wa Machakos na Sheng na watoto wa ploti yenu, na hakuna aliyewahi kuhofia kwamba Kikamba kitamtoa Kiswahili. Lugha ya Ishara ya Kenya nayo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 120, imeitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Betri zikimwishia njiani, mashine ikiharibika, au usikivu ukipungua zaidi, jambo ambalo kwa baadhi ya watoto hutokea, atakuwa na lugha isiyotegemea sikio.

Kuna jambo jingine ambalo mimi na wewe hatuwezi kumpa. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto walio viziwi au wenye upungufu wa kusikia huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wetu ni mmoja wao. Ijumaa moja alipokuwa akinifundisha kufungua kile kimlango cha betri, aliniuliza kama mashine atazivua akiwa mkubwa kama baba. Nilimwambia hapana, na kwamba wapo watu wazima wengi wanaozivaa na wengine wasiosikia kabisa, na wanafanya kazi na kulea watoto. Akaniuliza wako wapi. Nataka awaone.

Kwa sababu hiyo, hata klabu ile usiikubali kwa macho yaliyofumbwa. Angalia kama viongozi wake wenyewe ni viziwi, au ni watu wanaosikia waliokuja kuwagawia watoto zawadi na kupiga picha. Uliza kama mtoto mwenye mashine na anayeongea hupokewa vizuri, kwa maana wapo wanaomwona mtoto wa namna hiyo kuwa si kiziwi wa kutosha, na sitaki akataliwe pande zote mbili. Uliza kama wana darasa la wazazi, na kama lipo, wewe na mumeo mjiandikishe siku hiyohiyo, kwa kuwa ishara zisipotumika mezani kwenu zitabaki kuwa za Jumamosi tu. Mimi pia nitajifunza. Vidole vyangu ni vizito siku hizi, lakini najua tayari kumwuliza kama ameshiba na kama amechoka.

Usilipe ada ya muhula mzima kwanza. Waombe ahudhurie Jumamosi chache, kisha umwulize mwenyewe mkiwa nyumbani pametulia, redio imezimwa na taa iko usoni pako, jina la mtoto aliyecheza naye na walichozungumza. Akikutajia mchezo tu, subirini kidogo. Akikutajia mtu na maneno yake, lipa.

Kuhusu matatu mbili za kutoka Umoja hadi kule, Jumamosi unazofanya kazi nitakuja kumchukua mimi na kumrudisha jioni, na nauli yangu usiihesabu. Mwekee betri za akiba kwenye mkoba, uzifunge mfuko wa ndani ambao mdogo wake hataufikia, maana betri ndogo kama zile zikimezwa ni hatari, na umwandikie kiongozi kwenye karatasi jinsi ya kuzibadilisha. Nijulishe kabla ya Alhamisi mtakachoamua, nipange safari zangu.

Msalimie mumeo na watoto.

Mama yako