Anzia ghalani, si jukwaani

Mdogo wangu, umeuliza vuguvugu la kupinga ubeberu lianzie wapi huku kwetu Mtwara. Mimi nasema kwenye korosho. Ukihubiri maneno makubwa, watu wa Newala watakupigia makofi kisha wataenda zao shamba. Ila kaa na mkulima siku ya mnada, magunia yake yako ghala kuu, anasubiri bei. Muulize kwa nini korosho ghafi inapakiwa melini ikabanguliwe India au Vietnam. Hapo atakufundisha wewe.

Wamatumbi wa Nandete, Julai 1905, walianza Vita vya Maji Maji kwa kung'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na Mjerumani. Maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, yaliyoaminiwa kuwa kinga ya risasi, hayakuzuia risasi, hilo sibishi, lakini yaliwainua pamoja watu wasiokuwa na mtawala mmoja. FRELIMO nao, wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa na kambi Nachingwea, hawakupeleka bunduki tu ng'ambo ya Ruvuma. Walifungua shule na zahanati maeneo waliyoyakomboa.

Kadi za uanachama ziache kwanza. Nenda mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini kwenu, kaa nyuma, sikiliza wanavyogombana kuhusu makato kwenye malipo ya korosho.