Kwa nini nyangumi raiti wa Atlantiki ya Kaskazini hawaongezeki haraka?
Ni kweli, kuwawinda kulipigwa marufuku tangu 1935, lakini nyangumi raiti wa Atlantiki ya Kaskazini bado wanauawa: hugongwa na meli, au hunaswa na kamba za mitego ya kaa na kambakoche. Jike akinaswa, mara nyingi hafi papo hapo. Huiburuta kamba hiyo kwa miezi, anakonda, na jike aliyekonda hashiki mimba. Zamani walizaa kila baada ya miaka 3 hivi. Sasa hupita 6 hadi 10. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wamebaki chini ya 400 na majike wanaozaa ni kama 70 tu. Kupunguza mwendo wa meli kunasaidia, ila mitego isiyoacha kamba ikining'inia majini ingewaokoa wengi zaidi.