Kutikisa simu mbili ili ziunganike: ni ulinzi au mbwembwe?

Mkuu, umeuliza kama kushika simu mbili kwa mkono mmoja na kuzitikisa ili ziunganike (kila moja inarekodi mtikiso, na rekodi zikilingana zinaaminiana) ni usalama wa kweli, maana anayekutazama anaweza kuigiza. Nimewahi kuandika programu ya namna hiyo kwa simu za bei poa, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyaona.

Kuigiza ni kazi ngumu. Jicho linaona mkono unapanda na kushuka, lakini kihisi mwendo kinanasa vijitetemo ambavyo hata wewe mwenyewe huwezi kuvirudia. Simu zilizoshikwa pamoja zilitoa michoro ya mwendo inayofuatana kama pacha. Mimi na mwenzangu tukitikisa kila mtu na yake, hata tukihesabu kwa sauti, michoro ilipishana waziwazi.

Hatari yenyewe iko hewani. Simu zikitumiana rekodi za mtikiso hivihivi, aliyejipenyeza katikati anachukua ya kwako na kuipeleka upande wa pili kama yake. Hana haja hata ya kukuona. Mayrhofer na Gellersen wa Chuo Kikuu cha Lancaster walilishughulikia hilo mwaka 2007: simu zinakubaliana kwanza ufunguo wa siri kwa Diffie-Hellman (njia ya kupata siri ya pamoja hata kama mtu anasikiliza hewani), kisha kila moja inaifunga rekodi yake kwa ufunguo huo na kuituma nusunusu kwa zamu. Mtu wa kati ana funguo mbili tofauti, moja kwa kila simu, na nusu peke yake haifunguki. Nusu ya pili inapomfikia, ameshalazimika kutuma kitu cha kubuni, na hakitalingana.

Ukijenga ya kwako, usihangaike simu imeelekea wapi. Chukua ukubwa wa jumla wa mwendo katika mihimili mitatu ya kihisi (kulia-kushoto, juu-chini, mbele-nyuma). Na usikubali mtikiso hafifu. Abiria wawili wa daladala moja wanapigwa na mashimo yaleyale, simu zao zinaweza kudhaniwa ziko mkono mmoja.

Kuhusu Bump uliyoitaja, programu ya kutumiana vitu kwa kugonganisha simu, ile iliyonunuliwa na Google 2013 na kufungwa mwanzoni mwa 2014: pale seva ndiyo iliyooanisha simu kwa muda na mahali zilipogonganishwa, kwa hiyo ulikuwa unaiamini seva.

Kwa simu zenye kioo, mimi nabaki na zile tarakimu 6 ambazo Bluetooth huonyesha kwenye simu zote mbili zinapounganishwa, mradi usome pande zote mbili na kuona zinafanana kabla ya kukubali. Mtikiso ningeupeleka kwenye vifaa visivyo na kioo lakini vyenye kihisi, kama bangili za mazoezi.