Lighthouse Reef, Belize: cheti, gesi na ndege

Ndugu, umeuliza kama cheti cha kwanza cha uzamiaji kinatosha kwa Great Blue Hole, shimo refu la baharini huko Lighthouse Reef, na kama ulipie naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Kwa shimo hilo, hapana kwa yote mawili.

Nguzo za chokaa zinazoning'inia, ambazo ndizo watu huzifuata humo, ziko karibu mita 40. Cheti chako kinaishia mita 18. Naitroksi nayo ni hatari: kwenye mita 40 shinikizo ni bar 5 (mara 5 ya lile la juu ya maji), hivyo mchanganyiko wenye oksijeni 32% unakupa bar 1.6 ya oksijeni, wakati kikomo cha kawaida ni 1.4. Ukikipita unaweza kupata degedege ndani ya maji. Tumia hewa ya kawaida, na uangalie geji mara kwa mara, maana kila pumzi huko hubeba hewa mara 5 ya ile ya juu. Muda wa kukaa huko chini ni dakika 8 hivi tu, tena kwa kina hicho naitrojeni iliyo hewani inalevya.

Kusema kweli, shimoni hakuna samaki wengi. Uhai uko kwenye ukuta wa miamba chini ya maji katika kisiwa cha Half Moon Caye, na hapo unaweza kuzamia bila kuvuka mita zako 18. Kisha panda jukwaa la kutazamia magharibi mwa kisiwa. Ndege wa baharini wenye miguu myekundu, Sula sula, wapatao 4,000, huzaliana hapo, na unaona viota usawa wa macho. Usiwaguse, usirushe droni.

Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya boti kuondoka. Bahari baada ya visiwa vya Turneffe, mlivyo navyo njiani, huchafuka. Usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho.