Shangazi yako na kalamu nyekundu

Mwanangu,

Salamu kutoka huku Masasi. Sisi wazima, goti la mama yako limetulia, na mvua zimeanza kukatika. Swali lako la Jumapili nimelisoma nikaliacha siku tatu, maana si la kujibu kwa kidole gumba kwenye simu.

Uliuliza hivi: siku ya mazishi, msomaji wa wasifu alipofika pale pa "marehemu alianza kazi mwaka 1976 kama mwalimu wa UPE", wazee waliokaa nyuma walicheka, na mimi mdogo wake nikacheka nao. "Baba, UPE ni tusi? Na wewe ulicheka nini?"

Ni tusi, ndiyo. Halikuanza hivyo. Novemba 1974 chama tawala cha wakati ule, TANU, kilikaa Musoma kikaamua kwamba watoto wote waliofikia umri wa shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989, kwa hiyo waliruka miaka kumi na miwili kwa mkupuo. Mwaka ule wa 1974 wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima walikuwa milioni 1.2 hivi, kufika 1981 walizidi milioni 3. Madarasa tulijenga wenyewe, miti na udongo. Lakini mwalimu hajengwi kwa miti. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha nusu ya siku na nusu nyingine wanafundishwa wao, kwa masomo ya posta na ya redioni, wakiwa hukohuko vijijini. Hao ndio walimu wa UPE. Mpango wenyewe kwa Kiingereza ulikuwa Universal Primary Education, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, ila watu hawakukawia kuzibatiza zile herufi tatu: Ualimu Pasipo Elimu. Hadi leo fundi akikushonea suruali mguu mmoja mrefu, utasikia, "Huyo fundi wa UPE."

Shangazi yako alimaliza la saba 1975, akiwa na miaka kumi na sita. Sekondari hakuchaguliwa, nafasi zilikuwa za kuhesabu. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya darasa letu la tatu, watoto zaidi ya sabini, wengine warefu kuliko yeye. Madaftari hayakutosha. Alitupeleka chini ya mkorosho, tukasawazisha mchanga kwa viganja na kuandika kwa vidole, yeye akipita na kijiti kutusahihisha. Ukikosea anafuta kwa unyayo. Mpaka leo nikiandika herufi g nahisi mchanga chini ya ukucha.

Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Masasi ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga kufikia mwisho wa 1971, lakini bibi yako miaka ile alikuwa na mtoto mgongoni kila msimu, likampita. Sasa akaenda kuketi kwenye benchi mbele ya binti yake wa kumzaa. Darasani alimwita "Mwalimu" na kunyoosha mkono kabla ya kusema. Wakifika nyumbani, "We mtoto, kuni ziko wapi?"

Msimu wa korosho, nadhani wa 1978, nilimsindikiza bibi kwenye mizani. Karani akapima, akaandika, akamsogezea kidau cha wino atie dole gumba kama miaka yote. Bibi akakisukuma pembeni, akaiinua karatasi mpaka karibu na pua. Watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Akasema taratibu, "Karani, mizani imesema arobaini na sita. Hapa umeniandikia sifuri, mkia wake uko wapi?" Karani akacheka kidogo, akauongeza mkia. Kisha bibi akaomba kalamu na kuandika jina lake, herufi moja moja, kwa muda mrefu kweli, na hakuna aliyenung'unika tena.

Sasa nije kwangu, maana ndiko swali lako linakoelekea.

Mimi nilichaguliwa. Januari 1981 nikaenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Tranka, blanketi na nauli vilitoka kwenye mshahara wa shangazi yako, na wakati huo kipande cha sabuni tu ni foleni ya kutwa. Nilimwandikia barua kila mwezi. Na yeye, mwanangu, alizisahihisha! Alinirudishia barua yangu mwenyewe, wino mwekundu kila mahali, alama zimeandikwa juu kabisa, kumi na mbili kwa ishirini, na majibu ya nyumbani kayabana nyuma ya karatasi. Wenzangu bwenini walikuwa wanaisubiri posta yangu kuliko yao. Nilichukia kupita kiasi. (Wewe ulilalamika alipokurudishia "xaxa shangazi" ikiwa imesahihishwa. Ulipata nafuu, hakukupa alama.)

Kiingereza ndicho kilichotugombanisha. Neno lao la kisiwa alitufundisha kulitamka na s katikati, kama lilivyoandikwa. Nikalisoma hivyohivyo kidato cha pili mbele ya darasa, wakaangua kicheko, na jina la utani likaniganda mwaka mzima. Nikarudi likizo ya Desemba na kinyongo. Jioni moja wageni wapo, yeye anachambua mchele kwenye ungo, akanisahihisha jambo dogo tu. Nikamjibu, "Dada, nyie wa UPE mnamsahihisha nani?"

Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, chuya huku, mawe kule. Mama ndiye aliyesimama akatoka nje.

Niliporudi shuleni niliandika kama kawaida. Nauli ililetwa, majibu yalikuja, habari za nyumbani zote, kwenye karatasi safi. Barua yangu haikurudi. Ya mwezi wa pili nayo haikurudi. Nikaanza kukosea makusudi, nikaandika "hasubui" na "kura chakula", makosa ambayo mtoto wa darasa la pili angeyakataa. Kimya. Huwezi kujua kimya kile kilivyokuwa. Kama angenichapa ningeshukuru.

Mwezi wa nne nikaandika barua ya kuomba msamaha, kurasa mbili, nikaipitia mara tatu isiwe na kosa hata moja. Baada ya wiki tatu bahasha ikaja nene. Nikaifungulia chooni nisionekane. Barua yangu ilikuwa imerudi, safi kabisa, isipokuwa mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeandika, "Dada, najua nimekukosea adhabu." Herufi h aliikata kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: "Adabu. Adhabu umeshaipata." Alama, kumi na tisa kwa ishirini.

Hicho ndicho nilichokicheka pale makaburini.

Ualimu wenyewe aliufanya mpaka 2019 alipostaafu kwa umri. Katikati alijiendeleza hadi Daraja la IIIA, akajifunza na ile s isiyotamkwa, na akanipigia simu maalumu kunijulisha.

Tuna jambo moja la kuamua. Tunajengea kaburi mwezi wa saba, na fundi anataka maneno ya kwenye marumaru. Mimi nimependekeza chini ya jina tuweke "Mwalimu wa UPE, 1976–2019". Mama yako hataki hata kulisikia, anasema tutamdhalilisha mbele ya wageni, na wajomba zako wako upande wake. Wewe na ndugu zako mnasemaje? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Rasimu ya kwanza ya fundi imekuja imeandikwa "Mwalim". Nimeshamrudishia.

Baba yako